Vibao vya Mama Mdogo

Siku mliyoniaga pale karakana mkanipa kanzu na saa ya ukutani (mtu aliyestaafu anapewa saa ya nini, sijui), mmoja wenu aliniomba niandike niliyoyaona kazini, ili wanaokuja wasianzie sifuri. Nikasema sawa. Mlitegemea ukurasa mmoja wa shukrani. Huu ni mwezi wa tatu niko nyumbani hapa Kilosa, daftari linakaribia kujaa, na kwenye shukrani bado sijafika. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vimo kwenye faili, na faili limo kabatini pamoja na panya. Nitaandika habari za magari mawili ya zimamoto, za mzee aliyenifundisha kuyatunza, na za binti mmoja anaitwa Zuhura ambaye nilimkosea. Nawaambia mapema, msije mkasema mzee aliwazungusha.

Babu yangu aliletwa Rudewa kukata mkonge enzi za manamba, baba akauzeekea mkonge huohuo, mimi nikasema mkonge basi. Nilisomea ufundi wa magari Morogoro, nikarudi na cheti na spana nne, mbili kati yake za kuazima. Kampuni yetu ya mashamba wakati huo ilikuwa imenunua magari mawili ya zimamoto yaliyoachwa na jeshi, yote ya zamani kuliko mimi. Yalikuwa yamepakwa nyekundu juu ya kijani, na kila yakikwaruzwa kijani kinachungulia. Pamoja nayo alikuja Sajini Kapinga, fundi mstaafu aliyeyatunza jeshini miaka mingi. Watu wa mjini walisema jeshi limeuza magari mawili likatoa na sajini kama nyongeza.

Siku ya kwanza nilimkuta yuko chini ya gari, inaonekana miguu tu. Nikaiamkia miguu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Na hao umewaamkia?"

Nikatazama huku na huku, hapakuwa na mtu mwingine. "Akina nani, afande?"

"Hao uliowakuta. Huyu wa magurudumu sita ni Mama Mkubwa. Yule wa manne ni Mama Mdogo. Wote wamekuzidi umri."

Nilijua ananitania. Lakini hakutoka chini ya gari mpaka nilipowaamkia, mmoja mmoja, tena kwa sauti. Tabia hiyo sikuiacha. Mmekuwa mkinisikia nikiingia karakana asubuhi nikinong'ona, mkadhani ni uzee.

Wiki nzima ya kwanza hakunipa spana, alinipa tambara. Alisema anayeosha gari ndiye anayejua linapovujia. Nikaosha mpaka vidole vikakunjamana, na kweli siku ya tano nikaona tone la mafuta chini ya giaboksi ambalo jana yake halikuwepo. Nikaenda kumwambia mbio. Akasema, "Haya, sasa umeajiriwa."

Maandishi ya kwenye dashibodi yalikuwa ya lugha ambayo hapa Kilosa hakuna aliyeijua, hata padri. Kapinga alikuwa ameyakariri tu: huyu ni joto, huyu ni hewa ya breki, huyu usimguse. Tukachukua rangi nyeupe na brashi nyembamba tukaandika Kiswahili juu yake. Ile ya tatu tuliandika hivyohivyo, USIMGUSE, na mpaka nastaafu sijajua ilikuwa ya kazi gani. Spea hazikuwepo popote. Gasketi tulikata kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Rejeta ikivuja tulitia binzari ya unga, ikaziba, na injini ikipata moto karakana nzima inanukia pilau. Msicheke, hiyo ilitufikisha Mikumi mara nyingi, kwa ile njia ya kupitia kijiji cha Ulaya ambayo masika inageuka mto.

Kazi ngumu kuliko zote za miaka ile ya mwanzo ilikuwa Kidodi, moto ulipoingia kwenye miwa ya wakulima ikiwa bado haijakomaa. Tukiwa katikati ya kazi pampu ya petroli ya Mama Mkubwa ikafa. Kapinga alipanda juu ya paa la gari na dumu la petroli, akalipakata kama mtoto, akashusha mpira mpaka kwenye kabureta, petroli ikawa inateremka yenyewe. Alikaa pale juu, moshi unampiga usoni, cheche zinaruka, na petroli mapajani, mpaka moto ukazimwa. Aliposhuka nilimuuliza kama hakuogopa. "Niliogopa sana," alisema. "Ila ningeshuka ningeogopa zaidi kuwatazama wenye miwa." Maneno hayo nimekuwa nikiyakumbuka kwa sababu ambayo mtaiona.

Sasa niwaambie habari za vibao, maana ndiyo kazi yenyewe ninayotaka muichukue.

Magari yakiwa mawili na spea hakuna, moja hula lingine. Mama Mkubwa akikosa kitu tunakitoa kwa Mama Mdogo, mpaka tupate au tuchonge kingine. Mafundi wote duniani wanafanya hivyo, na mafundi wote wanasahau walichotoa. Kapinga alikuwa na dawa yake. Kila akitoa kitu kwenye gari, kabla hajakipeleka kinakokwenda, alitundika kibao cha mti kwa waya mahali pale alipokitoa. Kibao kikubwa kama kiganja, maandishi meusi, na aliandika kana kwamba ni gari lenyewe linasema: SINA BETRI. SINA TAA YA NYUMA. BREKI YA MKONO SINA. Dereva au mtu wa pampu, kabla hajapanda gari, kwanza anazunguka kutafuta vibao. Asipoona hata kimoja, anaondoka akijua kila kitu kipo. Hakuna kitabu, hakuna kuulizana, hakuna "nilidhani".

"Gari bovu si aibu," Kapinga alikuwa akisema. "Aibu ni gari linaloficha ubovu wake."

Kuna kibao kimoja kilichoandikwa SINYONYI. Lazima niwaeleze kidogo. Maji ya kwenye tangi la gari yanakwenda kwenye pampu yenyewe, hayahitaji kubembelezwa. Yakiisha unatumbukiza mpira mnene mtoni au mferejini, lakini mle kwenye mpira mna hewa, na pampu kubwa haiwezi hewa. Kwa hiyo kuna pampu ndogo pembeni, unavuta mkono wake, inanyonya hewa yote, maji yanapanda, pampu kubwa inashika. Ndani ya pampu ile ndogo kuna duara la ngozi linalotosha kufunika kikombe cha kahawa. Ngozi ile ikikosekana, mkono unavutika vilevile, sauti ni ileile, kwa nje huoni tofauti yoyote. Ila hainyonyi kitu. Utavuta mpaka kesho.

Kapinga alipochoka kabisa alirudi kwenye shamba lake Kidete, karibu na reli, akaniachia funguo na kile kibati cha rangi nyeusi ya kuandikia vibao. Nikawa mimi ndiye fundi. Miaka ikaenda. Mama Mdogo akawa anavaa vibao vingi zaidi kila mwaka, kama mtoto mgonjwa anayefungwa hirizi.

Zuhura Mbwana aliletwa kituoni akiwa na miaka ishirini na mbili. Ni mtu wa Rudewa, nyumba ya kwao iko ng'ambo ya mfereji, tunafahamiana kwa ukoo. Alipangiwa pampu. Madereva walinung'unika kidogo, mwanamke na pampu wapi na wapi, akawaacha wanung'unike. Alikuwa na daftari la shule, anaandika kila ninachosema, hata matusi niliyomtukana bolti. Baada ya miezi sita alikuwa anajua kwa sikio tu pampu imeshika au bado. Alikuwa akiniambia, "Fundi, sikiliza, sasa imemeza," na mimi bado sijasikia kitu. Nilijivunia sana yule binti. Nilisema ndiye nitakayemwachia kibati cha rangi.

Mwaka wa pili wake, kiangazi, ngozi ya Mama Mkubwa ilipasuka. Nikaitoa ya Mama Mdogo nikampa, nikatundika SINYONYI kwenye ule mkono, kama kawaida. Nilikuwa nimemwagiza mtu Morogoro aniletee kipande cha ngozi nikate nyingine. Zuhura siku hizo alikuwa likizo kwao. Wiki hiyohiyo meneja akaja kusema wageni wa kampuni wanakuja kutoka Dar kutazama mali. Akamzunguka Mama Mdogo akahesabu vibao, akakunja uso.

"Fundi, haya matambiko yote ni ya nini?"

Nikamweleza.

"Sawa, lakini wageni wakiyaona watadhani tunaendesha kilinge. Viondoe. Ugeni ukiisha, virudishe."

Nikaviondoa, nikavitia kwenye debe chini ya benchi langu. Nikamwosha Mama Mdogo, nikampaka mafuta ya taa magurudumu yang'ae. Wageni walikuja, wakanywa soda, wakapiga picha mbele yake, mmoja akanishika mkono akasema hajawahi kuona gari kuukuu lililotunzwa namna hii. Wakaondoka Alhamisi.

Ningependa kuwaambia kwamba nilisahau. Hapana. Ijumaa asubuhi niliingia karakana, nikawaamkia, nikamtazama Mama Mdogo amesimama pale msafi, hana kibao hata kimoja, nikaona raha. Miaka mingi nilikuwa sijamwona mzima. Nilijua si mzima, lakini jicho lilitaka kumwona hivyo hata siku moja. Nikasema vibao nitavirudisha Jumatatu. Ni hilo tu. Hakuna shetani, hakuna bahati mbaya, ni mimi na macho yangu.

Jumamosi mchana simu ikaja kwamba lori limepinduka barabara kuu upande wa Mikumi na linawaka. Tukaenda na Mama Mkubwa, mimi nikiwa ndani. Haikupita saa moja simu nyingine ikaja kituoni: moto wa majani umevuka shamba la zamani la mkonge na unaelekea nyumba za Rudewa, upepo mkali. Zuhura alikuwa amerudi kazini asubuhi ileile. Dereva, Magesa, aliniambia baadaye kwamba Zuhura alimzunguka Mama Mdogo mara mbili. Mara mbili, akitafuta vibao. Halafu akapanda akasema, "Twende, leo mzima."

Mengine nimesimuliwa na Magesa na watu wa pale. Walifika mapema. Kwa maji ya tangi Zuhura aliuzuia moto usifike nyumba za mwanzo, na watu wakawa wanashangilia. Tangi likaisha. Akatumbukiza mpira mferejini, maji yapo ya kutosha, akavuta mkono. Hakuna. Akavuta tena. Akakagua maungio, akayakaza kwa miguu, akavuta. Akampa Magesa avute. Magesa anasema alivuta mpaka kiganja kikachubuka na damu ikawa inafanya mkono uteleze. Moto ukapita pembeni mwao. Zikaungua nyumba sita na ghala la mahindi ya mwaka mzima. Mama mmoja aliyeingia kutoa cherehani yake aliungua mikono yote miwili, na hakushona tena. Nyumba moja katika zile sita ilikuwa ya mjomba wake Zuhura. Watu waliokuwa wakimshangilia robo saa nyuma wakaanza kumwambia maneno. Mtu wa kwao, mtoto wa kwao, ndiye aliyekuja na gari la maji akasimama kutazama.

Sisi tulirudi jioni, tukakuta habari. Nililala kwa shida. Asubuhi, kabla ya saa moja, nilikwenda karakana, nikaitoa ile ngozi kwa Mama Mkubwa, nikairudisha kwa Mama Mdogo. Nilijiambia natengeneza gari, maana kazi yangu ni kutengeneza magari. Mtu anaweza kujiambia jambo la kweli na bado akawa anajidanganya.

Saa nne wakaja meneja na mtu aliyetumwa kuchunguza. Wakampeleka Mama Mdogo kwenye kisima cha kituo, wakatumbukiza mpira, Zuhura amesimama pembeni na sare yake bado ina majivu. Mchunguzi akavuta mkono yeye mwenyewe. Mara ya kwanza tu, maji yakapanda. Sikutazama maji, nilimtazama Zuhura. Aliinua mikono yake akaitazama, hivi, viganja juu, kama mtu anayesoma.

Meneja akaniuliza, "Fundi, gari lilikuwa limekaguliwa?"

"Lilikuwa limekaguliwa."

Hilo ndilo nililojibu. Sikuulizwa vibao viko wapi. Meneja mwenyewe alijua kavitoa nani na kwa amri ya nani, na nadhani hakutaka kuulizwa pia. Wakaandika kwamba mtu wa pampu alibabaika, akavuta vibaya, hewa ikabaki kwenye mpira. Wiki hiyo akaachishwa kazi. Alikuja karakana kuniaga. Alinikabidhi ile sare imefuliwa na kupigwa pasi, akasema, "Fundi, umenifundisha vizuri. Mimi ndiye sikushika." Nikamjibu, "Mungu atakufungulia mlango mwingine." Kungekuwa na haki, maneno hayo yangenikaba koo pale pale.

Vibao nilivirudisha Jumatatu, kama nilivyopanga.

Mwezi uliofuata nilikwenda Kidete kumwona Kapinga, kwa sababu nilijua habari zimemfikia. Alikuwa amepooza upande mmoja, amekaa kwenye kiti cha kamba anatazama reli. Hakuniuliza habari za moto wala nyumba. Aliuliza moja tu.

"Rama. Vibao vilikuwepo?"

"Vilikuwepo, afande."

"Basi huyo binti hajui kusoma," akasema, akageukia reli.

Mwaka uleule alifariki. Alikwenda na jina la Zuhura likiwa chafu mdomoni mwake, na aliyelichafua ni mimi, mwanafunzi wake. Nilibeba jeneza lake kwa bega la kulia. Siombi mnihurumie, nawaeleza tu jinsi uongo unavyokua; wa kwanza niliusema kwa kunyamaza, wa pili kwa nusu ya jibu, wa tatu nikausema mzima mzima tena kwa mgonjwa.

Miaka kumi na moja imepita. Magari mapya yamekuja, ninyi mnayajua, yanajikagua yenyewe na taa ikiwaka mnampigia mtu simu. Mama Mdogo alikatwakatwa akauzwa chuma chakavu. Mama Mkubwa yuko Mikumi, mbele ya hoteli moja kando ya barabara kuu, wamempaka rangi nyekundu ya kucha na watalii wanapigia picha juu yake kabla ya kwenda kutazama tembo. Zuhura naye alihamia Mikumi, kwa kuwa Rudewa hakuweza kukaa. Nilikuwa nakutana naye mara moja moja nikipita kikazi. Kila mara alikuwa wa kwanza kuniamkia. "Shikamoo, fundi." Nami najibu marahaba, kwa sababu ukiamkiwa utajibu nini kingine. Halafu anauliza, "Mama Mdogo hajambo?" Niseme ukweli, nikawa napita njia nyingine.

Mwezi uliopita nilipanda basi nikaenda Mikumi. Nilichukua kile kibao cha SINYONYI. Vingine vyote nimevipoteza au nimevichoma, hicho nilishindwa. Zuhura ana sehemu ya kuosha malori, nyuma ya vibanda vya matunda. Ana kijipampu cha petroli kinachovuta maji kutoka kisimani, na vijana wawili wa kazi. Nilifika akiwa anakiwasha, hakuniona, nikasimama nikatazama. Pampu ndogo kama ile unaijaza maji kwa jagi kutoa hewa, unafunga kizibo, unavuta kamba, basi. Zuhura alijaza, akafunga. Akafungua, akachungulia, akajaza tena, akafunga. Akafungua mara ya tatu. Kijana wake mmoja (huko wanamwita kwa jina la mwanawe) akasema kwa mzaha, "Mama Asha naye, hiyo pampu imeshakunywa mpaka imelewa." Mwenzake akacheka, na Zuhura akacheka, lakini akajaza tena.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kazi nilijua nimemnyang'anya, na jina jema kwao pia. Sikujua kwamba nilichukua hata mikono yake.

Aliponiona akaja akifuta viganja kwenye kanga. "Shikamoo, fundi. Karibu. Nimesikia umestaafu."

Sikuijibu shikamoo. Nilimpa kibao. Akakigeuza, akasoma, akaniangalia.

"Hiki si cha Mama Mdogo?"

"Ndiyo."

"Siku ile kilikuwa wapi?"

Alinitangulia. Nilikuwa nimejitayarisha maneno mengi kwenye basi, yote yakapotea. Nikamwambia kilikuwa kwenye debe, chini ya benchi langu. Nilikitoa kwa ajili ya wageni, na wageni walipoondoka sikukirudisha.

"Na ngozi?"

"Ilikuwa kwa Mama Mkubwa. Ilikuwa huku Mikumi na mimi, kwenye moto wa lile lori."

Akakaa juu ya tairi lililokuwa pale. Nilimwona anarudi kule, anapita hatua moja moja: mfereji, mpira, maungio, mkono. Nikakaa chini kwenye udongo, maana kusimama mbele yake niliona si sawa.

"Mbona kesho yake alinyonya?"

"Nilimrudishia asubuhi. Kabla hamjafika."

"Ukijua wanakuja kumpima."

"Nikijua."

Lori moja likapiga honi likitaka nafasi, hakugeuka. Muda mrefu alikuwa anatazama kile kibao. Nilitegemea anitukane, nilikuwa nimekuja kutukanwa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya yule binti wa daftari, anayetaka kuandika jambo lilivyo.

"Kwa hiyo nilivuta sawa."

"Ulivuta sawa."

"Tangu mara ya kwanza."

"Tangu mara ya kwanza, Zuhura. Zote."

Akaitikia kwa kichwa. Machozi yakamtoka bila sauti, akayaacha yateremke. "Mama yangu amekufa anajua ni mimi," akasema. "Mjomba mpaka leo hanipokei salamu. Huwa naota ule mkono, fundi. Navuta, navuta. Nikiamka najiuliza niliteleza wapi."

Nikasema nisamehe. Alisema hilo tuliache kwanza. Akaniuliza kama ni kweli wamenitaka niandike mambo ya kazini, alisikia kwa Magesa. Nikasema kweli.

"Basi andika hili. Usiandike mtu fulani, andika jina langu. Ukimaliza usiwape kwanza wale vijana wa karakana. Nenda Rudewa, siku ya Ijumaa watu wakitoka kuswali, uwasomee mwenyewe. Mjomba awepo."

"Nitakwenda."

"Utaogopa."

"Nitaogopa sana," nikasema, na hapo nikamkumbuka mzee juu ya paa na dumu lake, na kwamba mimi nilikuwa nimeshuka siku nyingi.

Kwa hiyo mkilipata daftari hili jueni limeshasomwa Rudewa. Katikati ya magari yenu mapya tundikeni vibao, hata kama meneja anacheka, hata kama wageni wako mlangoni. Hayo ndiyo ya kazi.

Nilipokuwa nakung'uta suruali niondoke, lile lori lilikuwa limeshaingia na dereva analalamika amechelewa. Zuhura alinyanyuka, akakiweka kibao juu ya ukuta wa kisima, akafuta uso kwa ncha ya kanga. Akachukua jagi, akaijaza pampu, akafunga kizibo. Mkono wake ukabaki juu ya kizibo pale, vijana wake wakawa wanasubiri akifungue kama kawaida yake. Hakufungua. Alishika kamba, akavuta mara moja, maji yakaja.

"Imemeza," akasema, akaenda kuosha lori.